Mdhamini Wangu Alipopanda Ndege

Msomaji mmoja ameniandikia baada ya kisa cha wiki iliyopita. "Wewe si mtu wa kuhurumiwa," anasema, "wewe ni mtu wa kufungwa." Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Ningekuwa mimi ndiye msomaji ningeandika hivyohivyo, tena kwa herufi kubwa.

Wewe uliyenikuta katikati ya safari, mambo ni haya. Nilikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali ya serikali kwetu. Nikakopa benki kwa dhamana ya mshahara, nikasema najenga. Sikujenga hata choo. Fedha zote nilimpa wakala wa kazi za nje, nikaomba likizo ya siku ishirini na nane kumuuguza mjomba ambaye hajawahi kuugua hata mafua, nikapanda ndege na kuingia mitini. Deni nililiacha nyuma, pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili na mtu aliyenidhamini.

Leo ni zamu ya huyo aliyenidhamini. Tulimwita Picha, kwa sababu alikuwa fundi wa eksirei, mlango wa tatu kutoka maabara.

Lazima kwanza mjue tulivyokuwa tukidhaminiana pale hospitali, la sivyo mtamwona Picha mjinga, naye si mjinga. Fomu za mkopo zilikuwa zikija saa nne, wakati wa chai. Mwenye shida anazunguka nayo mezani akiwa amefunua ukurasa wa mwisho tu, pale pa sahihi. Unafuta mikono, unasaini, unaendelea na chai yako. Kusoma fomu ya mwenzako ilikuwa ni kumwambia mbele za watu kwamba humwamini. Karani mmoja mgeni aliwahi kufungua ukurasa wa kwanza akaanza kusoma kwa kidole. Mpaka anahamishwa tulikuwa tunamwita Hakimu, na fomu yake mwenyewe hakupata wa kuisaini.

Picha alisaini yangu huku anasimulia mpira. Hata kiasi hakukitazama.

Hayo yalikuwa miaka miwili na nusu iliyopita. Huku ugenini sijagusa darubini hata siku moja. Vyeti vyangu walivitazama, wakavirudisha kwenye bahasha, wakanipeleka kwenye jengo la nyuma ambako hufuliwa mashuka ya hospitali nne. Wakala hupenda kuleta huku watu waliofanya kazi hospitalini, maana hawatapiki.

Mke wangu nilimwambia niko maabara. Nilimtumia na picha nimevaa koti jeupe, kalamu mfukoni. Koti lilikuwa la daktari fulani, lilikuja kufuliwa.

Basi, Jumatatu moja msimamizi wetu, mama mfupi tunayemwita Kengele kwa sauti yake, alinifuata kwenye meza ya kukunjia. Alisema kwa lugha yao, ambayo mimi naijua ya kuombea maji na kuombea msamaha tu, kwamba kesho napata mwenzangu. "Wa kwenu," akasema. "Utamfundisha."

Nilifurahi. Nikawaza nitapata mtu wa kucheka naye.

Asubuhi mlango wa upande safi ulifunguka, akaingia Picha akiwa na aproni ya mpira na kofia ya nailoni kichwani.

Nilishika ukingo wa meza nikasubiri ngumi. Nilikuwa nimeshaifikiria hiyo ngumi mara nyingi, hata upande nitakaoanguka.

Picha alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Kisha akavuta glavu zake.

"Tunaanzia wapi?" akauliza.

"Karibu," nikasema. Katika maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo lililonitoka.

"Nimeshakaribia. Tunaanzia wapi?"

Tukaanza na mashuka. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnalivuta likaze, mnalikunja kwa urefu, halafu mnasogeleana mpaka pembe zake zinakutana na zako mkononi. Anapokea, unashika mkunjo wa chini, mnaachana, mnasogeleana tena. Tulikuwa tunakunja mashuka mia nne kwa zamu moja. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku nilimsogelea mtu niliyemtoroka mpaka vidole vyetu vikagusana.

Kuhusu deni hakusema kitu. Siku ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Bwenini walimpa kitanda cha chini, mimi niko cha juu. Asubuhi alinisalimu vizuri. Jioni aliniuliza chumvi iko wapi, nikamwonyesha, akashukuru. Akiona nimechoka alichukua upande mzito wa rundo.

Wasomaji wangu, bora mtu akutukane. Mtu akikutukana unajua amefika wapi. Huyu alikuwa ananikatia mkate.

Nilijaribu kumlipa. Ijumaa ya mshahara nilitia kiasi ndani ya bahasha nikaiweka chini ya mto wake. Jumamosi niliikuta chini ya mto wangu, haijafunguliwa. Wiki iliyofuata nikairudisha kwake, nayo ikarudi kwangu. Mwishowe ilichakaa kwa kuhamahama.

Siku ya kumi na moja nilishindwa. Tulikuwa tumeshika shuka, limekaza kati yetu.

"Picha, nitukane basi."

"Nikutukane ili iweje? Upumue?"

"Nilikukosea."

"Najua. Vuta pembe yako, imelegea."

Nikavuta. Tukakunja. Tuliposogeleana aliniambia taratibu, karibu na uso wangu, kwamba hakuja kunitafuta. Wakala ni yuleyule, mzigo wa watu anaupeleka palepale. Angejua nipo hapa angeomba kwenda kuchimba mitaro.

Kisha, kama mtu aliyefungua bomba likakataa kufunga, akaanza kusimulia. Alivyopokea karatasi ya mshahara ikiwa na nusu, akadhani ni makosa ya kompyuta, akaenda kwa mhasibu anacheka. Mhasibu hakucheka. Alivyokwenda nyumbani kwangu kuniulizia, mke wangu akamwambia nimekwenda kumuuguza mjomba. Alivyomtafuta huyo mjomba, akamkuta juu ya paa anapigilia bati.

"Mke wangu aliondoka mwezi wa nane," akasema. "Hatukugombana. Alisema anakwenda kwao kusalimia. Mpaka leo anasalimia."

Niliangalia chini. Uso umeumbwa na haya, na wangu siku hiyo ulifanya kazi yake yote.

"Ulimlipaje wakala?" nikauliza, nikitaka tutoke pale.

"Nilikopa."

"Benki gani ilikupa, na nusu ya mshahara wako inakatwa kwa ajili yangu?"

"Ileile. Benki haikatai mtu, ndugu yangu, inataka mdhamini tu."

"Nani alikudhamini?"

Akaliweka shuka kwenye rundo, akalisawazisha kwa viganja, ingawa lilikuwa limeshanyooka.

"Baada yako," akasema, "pale hospitali watu walianza kusoma fomu. Nilizunguka nayo wiki mbili. Wanaifungua ukurasa wa kwanza, wanavaa miwani, wanauliza maswali. Mtu niliyemsainia mara tatu alisoma mpaka mihuri. Mmoja tu hakusoma."

"Nani?"

"Shemeji."

Shemeji wa Picha ni mke wangu. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, hospitali ileile.

"Alikuwa akinikuta kwenye korido anainamisha macho kwa ajili yako," akaendelea. "Nilijua hatanikatalia. Ndiyo maana nilimwendea yeye, na nilimwendea nikiwa nimeshapata viza. Alisaini huku ananiomba radhi. Sasa na wewe nitukane."

Mkono wangu ulikunja ngumi, ukakumbuka ni mkono wa nani, ukakunjuka wenyewe. Ningempiga kwa lipi? Alichomfanyia mke wangu ndicho nilichomfanyia yeye, hatua kwa hatua, hata uongo wa likizo alikuwa ameuchukua kwangu. Yeye tu alimuuguza shangazi.

Nilianza kucheka. Picha akanitazama, naye akaanza. Kengele akatupigia kelele kutoka upande mchafu, tukashika shuka jingine tukiwa tunafuta machozi, na mimi sijui mpaka leo yalikuwa machozi ya nini.

Tangu siku hiyo tukazungumza. Tulifanya kikao kila jioni, wakurugenzi wawili wa kampuni iliyofilisika, mmoja juu ya kitanda na mwingine chini.

Picha alisema kwamba kabla hajaondoka, afisa mikopo wa benki alimwita ofisini akamwambia neno moja la maana. Mkopaji akirudi mwenyewe, kwa miguu yake, benki inaupanga upya mkopo, na mdhamini anaachiwa. Hawafungi mtu anayerudi. Wanaofungwa ni wanaokamatwa.

"Kwa hiyo mmoja wetu arudi," nikasema.

"Wewe urudi. Deni lako ndilo la kwanza. Ukiniondolea mimi lako, mimi nabaki hapa natuma la kwangu, na shemeji anapona. Kwa sasa nikituma lako na langu, nalala njaa, na wakala bado ananikata mshahara miezi minne."

"Na kazi? Hospitali watanipokea?"

"Hospitali watakupokea kwa polisi. Lakini si kuna zahanati ya binafsi ilikuwa inakuita kila siku?"

Kweli ilikuwapo. Mwenye zahanati ile alikuwa akinisumbua nimfanyie maabara yake, mimi nikamwona mshamba. Nilimpigia simu kesho yake, nikijiandaa kutukanwa. Akasema, "Njoo. Ila mshahara si ule niliokutajia zamani." Nikamwambia hata robo yake naichukua.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini matanga nayo huisha, ndivyo nilivyojiambia. Tulikula mkate mkavu na chai kwa wiki saba. Ile bahasha iliyochakaa ikafunguliwa, Picha akaongeza yake, nikakata tiketi ya bei rahisi kuliko zote, isiyorudishwa wala kubadilishwa. Alhamisi, saa saba mchana. Kengele alinisainia kuacha kazi, akanipa mkono, akaniambia nilikuwa mkunjaji mzuri. Ndiyo sifa pekee niliyopata katika nchi hii.

Mke wangu sikumwambia. Nilitaka nimwambie yote ana kwa ana: mashuka, koti la daktari, kila kitu. Uongo wa miaka miwili na nusu hauvuliwi kwenye simu. Ndivyo nilivyojidanganya, maana na kujidanganya nako nilishakuzoea.

Jumanne, zamu yangu ya mwisho, simu iliita wakati wa chai. Ni yeye.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Niko maabara," nikasema. Ulimi ulishazoea, haukuningojea.

"Kaa chini."

"Nimekaa." Nilikuwa nimesimama, mashuka yamenifika kiunoni.

"Nimepata safari. Nakuja huko. Alhamisi saa tatu asubuhi naingia."

Sikusikia vizuri, au nilisikia nikakataa. Nikamwambia arudie. Akarudia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu niondoke.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kazi ya hospitali. Wakala amenitafutia. Tuko watatu kutoka kwetu. Nilitaka nikushtukize palepale uwanjani, lakini wenzangu wakasema mwambie, asije akawa zamu."

"Na fedha za wakala umetoa wapi?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Sikutaka kukusumbua, baba watoto. Rafiki yako Picha alinipitia na fomu, nikamsainia. Na yeye ameondoka. Sasa nusu ya mshahara wangu inakwenda benki, nimebaki na nauli na mboga. Nilikaa nikafikiri, nikasema kuliko kufa kidogokidogo hapa, bora nikufuate. Nimekopa."

"Nani kakudhamini?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama yako. Mshahara wangu haukutosha, wakataka hati ya nyumba. Ameitoa."

Mama yangu ni mjane. Nyumba ile, vyumba vinne na ukumbi, ndiyo urithi pekee alioachiwa na baba. Alistaafu ukarani, mtu ambaye hata risiti ya sabuni huisoma mbele na nyuma kabla ya kutoka dukani.

"Alisoma?" nikauliza. "Aliisoma fomu?"

"Nilimpa na miwani. Aliiweka kando. Akasema, nikusome wewe, mwanangu?"

Nilikaa kweli sasa, juu ya mashuka machafu, kitu ambacho Kengele angenifukuzia kazi kama nisingekuwa nimeshaiacha.

"Watoto?"

"Wako kwa mama yako. Usiwe na wasiwasi, baba watoto. Mimi nimepiga hesabu. Kwa mshahara wangu na huo wako wa maabara, mwaka mmoja tu tunamaliza yote, lako na la Picha na langu. Tunamrudishia mama hati yake mkononi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema.

Nisikilizeni, hili ndilo ninalokuja kuungama leo, mengine yote ni utangulizi. Ilikuwa Jumanne. Ndege yake ilikuwa Jumatano usiku. Alikuwa bado hajakabidhi funguo za wodi, bado hati ingeweza kuombwa irudi, wakala angekula sehemu yake, tungelia, lakini mama angelala kwake. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mimi si mtu wa maabara, mimi nafua, nimekata tiketi nakuja, baki hapo. Lilifika mpaka kwenye meno.

"Umenyamaza," akasema. "Hukufurahi?"

"Nimefurahi," nikasema. "Safari njema."

Nikakata simu. Kama ni kufungwa, msomaji wangu, nifunge kwa hilo.

Jioni akili ilinirudi, nikapiga. Haikupatikana. Nikapiga kwa mama. Mtoto wangu mkubwa alipokea, akasema mama yake ameuza simu mchana ili apate ya kununulia begi, na bibi amekwenda kusali. Jumatano nilipiga tena kwa mama mara kumi na tano. Haikupatikana.

Nilipomweleza Picha, alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake, viganja vimebana magoti.

"Mimi nilikuangukia wewe," nikamwambia, "wewe ukamwangukia mke wangu, mke wangu kamwangukia mama. Nyuma ya mama hakuna mtu."

"Kuna watoto," akasema Picha.

Sikutaka kulisikia hilo.

"Utakwenda au hutakwenda?" akauliza.

"Anakuja kwa ajili yangu. Nimwache uwanjani?"

"Usipokwenda, miezi mitatu hii benki inabisha hodi kwa mama yako. Shemeji atakuwa anakatwa na wakala, kama mimi. Hana cha kutuma. Yule afisa haangalii mvi, namjua. Ukiwapo wewe, mwenye deni la kwanza, watapata mtu wa kumshika badala ya kushika nyumba."

"Na nani atampokea?"

"Mimi."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia niliomba sahihi yake huku najua naondoka. Hilo ni langu, nimeshalibeba vya kutosha. La maabara ni lako. Hilo siligusi."

Tukakubaliana hivi. Ndege yake inatua saa tatu. Yangu inaruka saa saba, na dirisha la mizigo linafungwa saa sita kamili. La maabara ni langu, kwa hiyo nitampokea mimi, nitamkalisha kwenye kiti, nitamwambia yote, nitamwachia ufunguo wa kabati na namba ya Picha, na nitakwenda kumwokoa mama. Saa tatu nzima za kusema ukweli. Picha aliona zinatosha. Yeye hajawahi kusema uongo wa ukubwa huo.

Alhamisi nilifika uwanjani saa mbili nikiwa na begi langu la magurudumu. Pasipoti na tiketi nilitia mfuko wa mbele wa begi, nikafunga zipu. Nikasimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni, nikawa ninajifundisha la kusema. Mke wangu, kaa chini. Hapana. Mke wangu, kwanza nisamehe. Hapana.

Saa tatu ubao ulisema ndege imechelewa. Saa nne ukasema vilevile. Saa nne na nusu ikatua, lakini watu hawatoki. Karibu yangu alisimama kijana wa wakala ameshika kibao cha kupokelea wafanyakazi wapya. Nililisoma jina kwenye kibao nikatamani nisingejua kusoma. Lilikuwa la kiwanda chetu cha kufulia. Kesho asubuhi mke wangu angekuwa kwenye meza yangu, ameshika pembe mbili za shuka, na Picha ameshika mbili.

Saa tano na dakika ishirini milango ikafunguka.

Alikuwa amekonda. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kipya, na alikuwa na wanawake wawili ninaowajua, wauguzi wa wodi ya wazazi. Aliponiona hakukimbia. Alisimama, akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akaja. Nilimshika. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa chake kinanifika kidevuni, nikalia pale mbele ya watu kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Sasa unalia nini?" akasema. "Si nimefika?" Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye yule mtaalamu wangu wa maabara. Hizi kazi zetu tutamwuliza yeye."

"Shikamoo, daktari," akasema mmoja wao kwa utani, na mwingine akacheka.

Nikaitikia. Mungu wangu, nikaitikia marahaba.

Mke wangu alishika mikono yangu akaigeuza. Yeye ni muuguzi, mikono ya watu anaisoma. Ngozi imechanika kwenye viungo, imebabuka kwa dawa ya kung'arishia, kucha mbili zimeondoka. Aliipapasa kwa kidole gumba, akakunja uso kidogo, akaiachia. Hakuuliza. Nadhani alijiambia ndivyo dawa za maabara za nchi hizi zilivyo.

"Twende tukae pale," nikamwambia. "Nina jambo."

"Utaniambia njiani. Miguu imevimba, nataka kulala." Ndipo akaliona begi. Alilitazama, akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka. "Kumbe umeshafungasha. Mimi nawaza usiku kucha nitalala wapi, kumbe mwenzangu amehama bweni, amekuja na vitu vyake kabisa twende nyumbani. Ndiyo maana ukaninyamazia kwenye simu. Ulitaka kunishtukiza."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Kipaza sauti kikatangaza kwa lugha mbili kwamba abiria wa ndege ya saa saba wafike kwenye dirisha lao, na kikataja mji wa kwetu. Mke wangu alitabasamu kusikia jina la kwetu likitajwa mbali namna ile.

"Masikini, nao wanarudi," akasema.

Akashika mpini wa begi langu. Nikasema nipe nibebe, akakataa, akasema mikono yangu inauma, ameona. Akalivuta na pasipoti yangu na tiketi yangu ndani yake, akawapita wenzake na kijana wa kibao, akaelekea mlango wa kutokea nje, na mimi nikamfuata.